Ndila Wawili, Kuchuchumaa Kumoja

Mama yangu, Ndila wa Salama, hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliuza mapapai pale kijijini Salama, kando ya barabara ya Mombasa, na madereva wa malori walisikia sauti yake kabla ya kuyaona mapapai yenyewe. Ndugu yangu Mutunga alipompa binti yake wa kwanza jina hilo, vile sisi Wakamba tunavyofanya, weee! Mama alicheza kanisani mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Tangu hapo mtoto akawa yeye. Hata mimi Kaluki, shangazi mtu, nilimwita mwaitu, yaani mama.

Sasa, Mama alikuwa na magoti mabovu. Akipanda kutoka mtoni na maji, anatua mtungi, anachuchumaa, anapumua, ndipo anaendelea. Na Ndila mdogo alipoanza kukimbia, naye chini! Anachuchumaa, anahema, midomo kama ya mtu aliyekula zambarau. Tulicheka jamani! "Mwoneni nyanya yake!" Mama akajigamba kwa kila mteja: "Huyo ni mimi mtupu!"

Muthoki, mke wa Mutunga, ndiye peke yake hakucheka.

"Mama, huyu mtoto anachoka sana," alisema siku moja.

Mama akawaka. "Unataka kusema jina langu lina ugonjwa?"

Muthoki akambeba mtoto wake, akaingia jikoni.

Mwaka wa themanini na saba, kliniki ya watoto ilikuja uwanjani kwa kanisa letu. Tukiwa kwenye foleni, Ndila mdogo akamfukuza kuku, akachuchumaa. Daktari Muli alimwona, akaruka kutoka mezani kama amechomwa na mwiba. Akatazama midomo, kucha, na ncha za vidole, ambazo zilikuwa zimevimba na sisi wala hatujawahi kuziangalia. Akamwekea kipimo kifuani, akafumba macho.

"Moyo ukipiga, nasikia mvumo," alisema. "Huwa anachuchumaa hivi?"

"Kila siku!" Mama akadakia, kifua mbele. "Ametoa kwangu! Mimi pia huchuchumaa, magoti haya!"

"Mama, wewe ni magoti. Huyu ni moyo, na alizaliwa nao hivyo. Damu haifiki vizuri mapafuni. Akichuchumaa inafika zaidi kidogo, anapata nafuu. Hakuna aliyemfundisha." Akashusha sauti. "Asipotibiwa, sidhani atakua mtu mzima."

Mama alinyamaza. Haki ya Mungu, Ndila wa Salama alinyamaza! Niliogopa hicho kimya kuliko maneno ya daktari. Kisha akamgeukia Muthoki.

"Uliona, mwanangu, na mimi nikakufunga mdomo. Mfunge mtoto mgongoni. Twende Nairobi."

Huko hospitali kubwa walimpiga eksirei, na moyo ukatokea na umbo la buti. Wakambandika nyaya kifuani. Halafu, ajabu yenyewe! Wakampaka mafuta baridi, wakapitisha kidude kifuani, na kwenye kioo cha mashine tukauona moyo wa mtoto wetu ukipiga, hai, na yeye amelala tu anatutazama. Daktari wa huko akaonyesha kwa kidole: hapa ukutani pana tundu, na hapa njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba.

Mama karibu aingie ndani ya kioo. "Hata mimi naliona! Tundu lile pale! Basi lizibeni, mnangoja nini?"

Wakampasua, wakaliziba, na njia wakaipanua. Siku Ndila mdogo aliporudi Salama, Mama, aliyekuwa ametangulia nyumbani, alisimama mlangoni, mikono wazi. Mtoto akaponyoka mkono wa Muthoki pale chini barabarani, akaanza kukimbia. Akapita zizi la mbuzi. Tukabana pumzi, tukingoja aende chini. Akapita jikoni. Haendi chini! Midomo yake ilikuwa myekundu na alikuwa anacheka.

"Amekataa kuwa mimi!" Mama akapiga kelele, machozi yanamtiririka. "Jamani, amenikataa! Asante Mungu, amenikataa!"

Akashuka kumlaki mbio mbio, amesahau magoti. Hakufika mbali, akachuchumaa palepale njiani, anahema. Ndila mdogo akasimama mbele yake, akamwekea mkono begani.

"Pumua, nyanya," alisema. "Mimi nakungoja."