Kinanda Kilichochelewa Kuitika

Kwaya nzima ilimwita Mama Kinanda, hata wale waliomzidi umri, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeuliza kwa nini kiti cha pembeni kilikuwa chake. Siku sita alishona sare za shule. Jumapili na jioni mbili za mazoezi alikuwa mpigaji. Kinanda cha zamani kilipokata roho, mwenyekiti wa kwaya alileta kibodi nyembamba isiyo na sauti yake yenyewe. Ukibonyeza, habari hupita kwenye waya hadi kwenye kompyuta, nayo ndiyo hutafuta sauti na kuitoa kwenye spika.

Ikaitoa kwa kuchelewa. Si sana, kiasi cha kupepesa jicho tu, lakini kiasi hicho kilitosha kuivuruga kwaya. Sauti ya kwanza walianza, ya pili wakasubiri, besi wakafika kama wageni waliopotea njia. Wiki ya pili Mama Kinanda akasikia minong'ono kwamba vidole vyake vimezeeka. Wiki ya tatu mwenyekiti akamwambia, kwa upole uliomuuma kuliko tusi, kwamba baada ya Jumapili ijayo huenda ingefaa apumzike.

Neno hilo alilishona na kulifumua kutwa nzima. Aliyefunga kompyuta ile ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa redio. Na binti wa shemeji alikuwa amehitimu masomo ya kinanda miezi mitatu tu iliyopita. Kikulacho ki nguoni mwako. Akakumbuka jinsi shemeji alivyoinamia kompyuta kabla ya kila zoezi, bega limeziba kioo. Mtu mwema huziba nini?

Alhamisi alitangulia ukumbini saa nzima kabla ya zoezi. Kompyuta hakuijua, lakini mshonaji huisikiliza cherehani kuliko anavyoitazama. Akapunguza sauti ya spika, akagonga kibonyezo kwa nguvu. Ko, kucha ikalia juu ya plastiki. Kisha, ti. Akarudia mara ishirini. Kati ya ko na ti palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo haikuwa yake.

Shemeji alipoingia, Mama Kinanda hakumsalimu.

"Hii ko ni yangu," alimwambia. "Hii ti ya kuchelewa ni ya nani?"

Shemeji akasikiliza. "Ya kompyuta."

"Basi mbona mnavizika vidole vyangu vingali hai?"

Shemeji alicheka, akaona mwenzake hacheki. Kisha akaeleza. Kompyuta hujaza sauti kwenye ndoo kwanza, ndipo imimine. Ndoo ikiwa ndogo mno, sauti hukwaruza kama mafuta kikaangoni, ndiyo maana aliikuza. Halafu akaleta spika isiyo na waya ili watu wasijikwae, na hiyo nayo ina uchelewaji wake.

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, shemeji. Tangu kaka afariki huniulizi kitu. Unanitazama tu."

Shemeji akashusha namba ya ukubwa wa ndoo kwenye kioo kutoka elfu moja na ishirini na nne hadi mia moja ishirini na nane, akafunga programu nyingine zote, akaunganisha spika kwa waya. Akagonga. Ko na ti vikawa kitu kimoja.

Zoezi lilipoanza, kwaya ikaanguka vibaya kuliko zoezi lililopita. Safari hii Mama Kinanda ndiye aliyekuwa mbele. Kwa wiki tatu vidole vyake vilikuwa vimezoea kutoka mapema ili kuiwahi sauti inayochelewa, na hakuna aliyeviambia kwamba haichelewi tena. Mwenyekiti akamtazama yeye, kisha binti wa shemeji, aliyesimama na waimbaji.

"Labda hii kompyuta..." shemeji alianza, akiinamia kioo.

Mama Kinanda angeweza kumwacha amalize. Kosa lingemwangukia fundi, na kiti kingebaki chake.

"Kompyuta iko sawa," alisema. "Ni mimi ninayekimbia. Tuurudie, taratibu."

Waliurudia wimbo mara nne. Mara ya nne besi walifika pamoja na wenzao. Mwenyekiti akafungua daftari, akamsomea nyimbo za Jumapili ijayo, na bila kuinua macho akamsomea za Jumapili itakayofuata.

Shemeji alikuwa anakunja waya. Baada ya kutetewa hivyo, alimtazama Mama Kinanda kwa jicho la pembeni, kama samaki aliyetupiwa chambo kinono na sasa anaitafuta ndoano.