Kitambaa Kisicho na Mistari

Amonia ina harufu inayokufikia puani kabla hujaiona chupa. Wanaoijua kwa nepi ya mtoto aliyelala hajabadilishwa wanaijua kidogo tu. Ile ya baba yangu ilikaa kwenye chupa ya kahawia yenye kizibo cha mpira, na ukiifungua machozi yanakutoka, koo linakaza, na kuku waliokuwa chini ya meza wanatawanyika bila kufukuzwa. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa darasa la tano, Rujewa, katikati ya miaka ya sabini, mwisho wa masika mpunga ulipoanza kubadilika rangi. Hata leo nikipita karibu na saluni wanakopakana dawa za nywele, ile harufu ikinigonga, miguu hutaka kuondoka yenyewe. Si woga hasa. Ni kukosa utulivu tu, na kukosa utulivu huko nakujua kulikoanzia.

Baba alikuwa bwana nyama, Mhehe wa upande wa Tosamaganga, aliyehamishiwa nyanda za Usangu kulinda mashamba ya watu dhidi ya nyati, viboko na nguruwe pori. Watu wote walimwita Bwana Nyama, na nadhani wengi hawakujua kama ana jina jingine. Bunduki ilikuwa ya serikali, naye aliitunza kama mgeni aliyelala kwetu, maana alisema cha kwako ukikiharibu unalia peke yako, lakini cha watu ukikiharibu unalia hadharani. Risasi zake zilikuwa zimevikwa shaba, na kila moja ikipita ndani ya mtutu iliacha shaba kidogo nyuma yake. Humo ndani kuna mifereji midogo inayojizungusha kama uzi wa parafujo, na mifereji hiyo ndiyo inayoipeleka risasi ilikotumwa. Shaba ikiijaza, risasi huenda inakotaka. Baba aliiita shaba hiyo ukoko, na yeyote aliyewahi kuosha sufuria ya wali anaelewa kwamba ukoko haukwanguliwi kwa hasira, unalowekwa. Unachovya kitambaa kwenye amonia, unakisukuma kwa ufito wa chuma kutoka nyuma ya mtutu hadi mdomoni, unasubiri kidogo, kisha unapitisha kikavu. Kinatoka na buluu ya mrututu. Unarudia mpaka buluu iishe. Halafu unakausha vizuri na kupaka mafuta upesi, kwa sababu amonia ikilala mle ndani huanza kula chuma.

Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa na desturi yake. Kitambaa kikavu cha mwisho, kile kilichotoka bila buluu, kilitundikwa kwenye msumari kando ya mlango, na baba akirudi kutoka ofisini alisimama mbele yake, akakitazama, kisha ndipo akaifungia bunduki kwenye sanduku lake. Kaka yangu ndiye aliyekuwa na kazi hiyo mpaka alipokwenda shule ya bweni. Baba hakutafuta mtu mwingine, alinikabidhi mimi ufito. Mama alinung'unika kwamba mtoto wa kike atanukia bunduki hadi aolewe, baba akamjibu kwamba mkwe mwenye pua nyepesi hamtaki. Nilijivuna sana. Mwezi wa kwanza nilisafisha hata siku ambazo bunduki haikulia. Lakini kipya kinyemi, na mimi sikuwa mtoto wa kukaa. Nilizaliwa na mchwa miguuni. Mwalimu wetu alinihamisha dawati mara tatu, si kwa sababu ya kuongea, bali kwa sababu ya kutikisika.

Jumamosi moja baba alirudi asubuhi kutoka kwenye mashamba ya kando ya mfereji wa maji, ambako alikuwa amefyatua risasi nyingi kufukuza kundi la nyati. Aliniachia bunduki mezani akaenda ofisini. Nilipitisha kitambaa cha kwanza, buluu. Cha pili, buluu. Cha tano kilikuwa buluu ileile, kana kwamba sijafanya kitu. Nje wasichana wenzangu walikuwa wameanza kucheza rede, nasikia mpira wa matambara ukigonga mgongo wa mtu, nasikia vicheko, nasikia jina langu. Nilivumilia kitambaa cha saba. Cha nane sikukitumbukiza kabisa. Nilikausha mtutu, nikapaka mafuta, nikachana kipande kipya kutoka kwenye shati kuukuu la shule la kaka, nikakifikicha kidogo mkononi kisionekane kipya, nikakitundika msumarini. Kisha nikatoka mbio. Katika rede ya siku ile sikupigwa hata mara moja.

Baba aliporudi alisimama mbele ya kitambaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaniita kwa jina la ukoo, kama Wahehe wanavyowaita binti zao wanapotaka kuwaheshimu au kuwaonya.

"Sekalinga, hiki ndicho cha mwisho?"

"Ndiyo, baba."

"Haya," akasema, akaifungia bunduki.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na urefu wa Jumapili nzima. Kanisani nilikaa, nikasimama wakati wengine wamepiga magoti, nikapiga magoti wakati wengine wamekaa. Nilivunja kikombe. Nilikwenda chooni mara nyingi hadi mama akaamua nina minyoo, akanichemshia majani machungu ambayo ladha yake ninayo hadi leo. Baba alikuwa akipita karibu nami kila mara. Alikuja kukaa jikoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akauliza shule inaendaje. Baadaye akauliza kama amonia imebaki ya kutosha. Nikamjibu ipo. Akaniuliza kama nina neno. Nikamwambia sina. "Subira yavuta heri," akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, akatoka. Nilishukuru alipotoka, na papo hapo nikatamani arudi.

Jumatatu, jua likichomoza, Masanja alifika uani akihema. Masanja alikuwa mfugaji aliyetoka kaskazini na ng'ombe wake, akapewa eneo ng'ambo ya mfereji, na mwaka ule alikuwa amelima mpunga kwa mara ya kwanza maishani. Nyati mzee, dume la peke yake, lilikuwa katikati ya shamba lake, limelala humo, halitaki kuondoka kwa kelele wala kwa debe. Baba alichukua bunduki. Niliona akichukua pia mfuko wenye ufito na chupa ya kahawia, nikashangaa, lakini hofu haikunipa nafasi ya kufikiri. Nilikuwa na sare ya shule, daftari mkononi. Nikawafuata.

Nilijua kitu kimoja tu, kwamba bunduki ile ina ukoko na baba hajui. Nyati aliyekoswa na risasi, sadaka yake ni mpiga bunduki, hilo nililisikia mezani kwetu mara nyingi. Akilini nilimwona baba amelala kwenye mpunga. Nilimwona mama akitandika mkeka wa wafiwa. Tulipofika kwenye daraja la magogo la mferejini nilimshika koti, nikasema yote kwa pumzi moja, kitambaa, rede, shati la kaka. Niliongea Kihehe, kwa sababu sikutaka Masanja aelewe.

Baba hakunipiga. Alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, akaweka mfuko kati yetu, akasema, "Toa bolti." Nikakichomoa kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma. Akanipa ufito. Kwa hiyo nilisafisha bunduki pale, kando ya daraja, baba akiniambia polepole, polepole, loweka kwanza. Masanja alikuwa akizunguka nyuma yetu. Kila nikipitisha kitambaa alisogea kutazama, akaona buluu, akasonya.

"Bwana Nyama, mpunga wangu unaisha hivi. Unaosha bunduki saa hizi?"

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Bunduki chafu itatuua."

"Sasa nyati nalo nikaliambie lingoje?"

Kitambaa cha nne kilikuwa buluu hafifu. Nilipoinua kichwa, Masanja hakuwapo. Alikuwa amekwenda na mkuki wake. Baba alisimama, akamwita, akaniambia nifanye haraka na papo hapo akaniambia nisifanye haraka. Cha tano kilitoka safi. Nilikuwa napitisha mafuta tuliposikia sauti ya Masanja, sauti moja tu, kisha mbwa wake. Baba aliipokea bunduki kutoka mikononi mwangu na kukimbia. Mlio wa bunduki ulikuwa mmoja, ukatosha.

Masanja hakufa. Pembe iliingia kwenye paja na kutoka, na trekta la mpunga ndilo lililompeleka barabara kuu ambako gari lilipatikana. Wiki kadhaa baadaye, aliporudishwa nyumbani, baba alinichukua tukamtembelea. Nilidhani naenda kuomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Masanja alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, mke wake akipepeta mpunga uliosalia. Nilipofungua kinywa baba alininyamazisha kwa mkono.

"Si huyu wa kuomba radhi," akasema. "Mimi nilijua tangu Jumamosi. Kitambaa kikipita kwenye mtutu hutoka na mistari ya ile mifereji, hata mtutu uwe safi namna gani. Chake hakikuwa na mstari hata mmoja. Ningeweza kuisafisha mwenyewe Jumamosi ileile. Nilitaka aseme kwa kinywa chake. Hata siku ile njiani na wewe, nilikuwa bado namsubiri."

Jumapili yote ile, jikoni, maswali ya amonia, mfuko wa ufito, vyote vilikuja kwa pamoja. Masanja alikitazama kidonda chake kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Basi, Bwana Nyama," akasema, "mtoto wako umemfundishia kwenye paja langu."

Tulirudi nyumbani, na tangu siku ile kitambaa hakikutundikwa tena msumarini. Tulisafisha wawili, yeye akishika mtutu, mimi ufito, na ile methali ya subira sikumsikia akiisema tena maishani mwake. Masanja aliendelea kulima ng'ambo ya mfereji kwa miaka mingi. Alikuwa akitusalimia vizuri sana. Alichechemea.

Sasa nakaa Ipogolo, mwalimu mstaafu, malori ya barabara kuu yakipiga honi usiku na mchana. Baba tulimzika Tosamaganga. Usangu niliyoijua imejaa mashamba, na mwanao ukimwambia nyati aliwahi kulala kwenye mpunga anakuangalia kama unatunga. Ufito ninao, uko nyuma ya kabati. Juzi mjukuu wangu alinionyesha daftari, akasema kazi yote amemaliza, macho yakiwa mlangoni ambako wenzake wanamwita. Kurasa zilikuwa safi mno. Nikamwambia papo hapo, hujafanya, kaa hapa tufanye pamoja. Alilia. Mama yake, binti yangu, alinilaumu baadaye. Alisema namnyima mtoto nafasi, kwamba ningesubiri kidogo angesema mwenyewe, na ndivyo dhamiri inavyokua. Pengine ana haki. Mimi mwenyewe nilisema mwishowe, na kusema kwangu kulimwokoa baba. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na wakati mwingine tumbo linaloumia si la anayengoja. Nikamjibu binti yangu kwamba ikue tu hiyo dhamiri, sina ugomvi nayo, ila Masanja nilimwona akivuka lile daraja la magogo kila siku hadi nilipomaliza shule, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye paja.