Nyota Niliyompa Njeri

Jamani, acheni nijicheke kabla hamjanicheka. Mimi na rafiki yangu Njeri tulikuwa tunataka kufungua saluni Kilimani, tukaenda Muthangari kwa mzee wa Kihindi anayesoma nyota, atuambie kama tutaelewana. Njeri alipobaki nje akiongea na simu, nikaona nimjaribu mzee. Nikampa tarehe na saa yangu ya kuzaliwa, nikasema ni za Njeri.

Njeri akaingia. Mzee alikuwa akichora miraba ya nyota hiyo. Moto wa taa ya samli ukalala upande mmoja, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Zuhura na Zohali wamekutana katika nyumba ya wenzi," akasema polepole. "Mtu huyu anamchekea mwenzake, na nafasi yake ameshamwahidi mwingine. Mwanamke. Damu yake."

Nafasi ya Njeri nilikuwa nimemwahidi binamu yangu, jikoni kwangu, tukiwa wawili tu. Lakini mdomo wangu hauna breki: "Njeri! Kumbe ni wewe!"

Mzee akamgeukia. "Ulizaliwa Jamhuri Dei, alfajiri?"

"Mimi?" Njeri akaniangalia. "Hapana, mzee. Hiyo ni siku yake huyu. Keki huwa nanunua mimi."