Asilimia Thelathini na Sita

Nafundisha hesabu kwenye shule moja ya sekondari hapa Bunia, na kila mwaka nawaambia wanafunzi jambo lile lile: chukua kimo, gawanya kwa urefu wa chini, zidisha kwa mia. Hiyo ndiyo pente, yaani mwinuko wa njia. Hata mtoto anayesinzia nyuma ya darasa anaipata. Lakini wanakomite wa kanisa letu, mtaa wa Saio, hesabu hiyo iliwashinda.

Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na ule uliobaki haumbebi. Lakini mikono yake bado ni ya mtu aliyelima maisha yake yote. Alikuwa anajisukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu kutoka nyumbani mpaka kanisani, jasho likimtoka, hataki kuguswa. Mlangoni ndipo palikuwa na ngazi. Kila Jumapili vijana walimwinua pamoja na kiti chake, naye akishikilia kitenge kisipande juu mbele za watu. Kwa hiyo komite iliposema itajenga njia ya sima, yaani saruji, ya kupandia na kiti, aliniambia anataka kitu kimoja tu: aingie mwenyewe, apeleke matoleo yake mbele kwa mikono yake.

Nikapima. Kutoka chini mpaka sakafu ya mlangoni, sentimita sabini na mbili. Nikawaeleza kwamba anayejisukuma mwenyewe asipewe zaidi ya asilimia nane, yaani mita tisa za njia, na zinaweza kukunjwa katikati, kiwanja kipo. Mwenyekiti wa komite akacheka. Eti mwalimu anataka kumtembeza mama yake mpaka Komanda, mji wa mbali kule. Njia fupi ndiyo huruma, akasema, mama asichoke. Nilisema mpaka mate yakanikauka, maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Mita tisa zingekula mahali anapoegesha gari lake, hilo hakulisema. Wakajenga mita mbili. Sabini na mbili kwa mia mbili, asilimia thelathini na sita. Jamani, hata pikipiki ingelalamika.

Siku ya kuizindua, pasteri aliomba, kwaya ikaimba, wakasema mama apite wa kwanza. Akashika magurudumu, akasukuma. Yale madogo ya mbele yakanyanyuka, kiti kikarudi nyuma, nikakidaka kwa kifua. Akajaribu tena. Kikamshinda tena. Vijana wakaja mbio, wakamsukuma mpaka juu, na watu wakapiga makofi. Makofi!

Ndani wakampa mikro aseme neno. Akasema aksanti, akairudisha. Wakati wa matoleo, wenzake wakicheza kwenda mbele, mtu alimletea kikapu pale pale alipokaa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta na nguo za nyumbani, anachambua maharagwe. Nikamuuliza kama hatuendi. Hakuinua macho.

"Weye nenda," akasema. "Waambie niko mugonjwa, wasiseme sina shukrani."

Nilikwenda, nikasema hivyo hivyo, roho ikiniuma. Mwenyekiti alikuwa anafunga mlango wa gari lake. Alinipa pole kwa moyo wote, akanigusa bega, akaniambia akipona nimlete tu, sasa njia iko.