Ukiuliza "Nani Wewe?", Ngoja Jibu

Iko siku moja, Kyalo mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho. Sijawahi kukusimulia, na mama yako alinikataza kuisimulia mpaka utakapokuwa mtu mzima wa kuibeba. Sasa umechukuliwa jeshi. Juzi ulinionyesha kwenye simu ile miwani mikubwa mtakayovalishwa mazoezini, mtu anasimama katika chumba kitupu na kuona mji mzima wenye maadui madirishani. Ulicheka kwa furaha ukaniambia, "Anko, hii ni kama gemu tu." Nikatoka nje, nikajifanya naenda kuangalia kama maji ya mfereji yamerudi.

Umekua ukijua kwamba baba yako aliuawa wakati wa ghasia za uchaguzi. Hukuambiwa vipi. Leo nitakuambia, na kabla sijafika huko itabidi univumilie nianzie mbali kidogo, kwenye chumba ambacho nilifunzwa vita mimi.

Nilikuwa kijana kama wewe, mwembamba kama wewe, na mjuaji kukushinda. Kambini kulikuwa na mashine mpya. Mbele yetu kulikuwa na ukuta mzima wa skrini, na bunduki zilikuwa za kweli ila hazikuwa na risasi. Zilifungwa mipira ya hewa ili zikurushe bega kama zinafyatuka. Kompyuta ilichora mtaa, watu wakachomoza vichochoroni, wengine wamebeba silaha, wengine wamebeba mizigo ya sokoni. Ukimpiga mtu anaanguka, anafifia, skrini inawaka tena, na yule uliyemuua anarudi akitembea pale pale. Tulikiita chumba kile Sinema. Niliipenda Sinema kuliko chakula.

Ilikuwepo sheria ya zamani, ya tangu askari walipoanza kulinda milango. Ukimwona mtu usiyemjua unapaza sauti, "Simama! Nani wewe?" Kisha unangoja ajibu. Lakini picha hazijibu, mwanangu. Unauliza, unangoja, na mashine inakupunguzia alama kwa kuchelewa. Basi tukajifunza ujanja. Tukawa tunatamka swali na kufyatua kwa pumzi moja, na mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kupita wote. Alama zangu zilipanda, wenzangu wakanipigia makofi.

Mwalimu wetu alikuwa Sajini Barasa, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mwenye sauti nzito na mapenzi makubwa ya chai. Siku moja alikuwa amekaa nyuma na kikombe chake, akitutazama. Nilipiga watu wote wa mtaa ule. Aliweka kikombe chini, akapita mbele yetu polepole, akasimama katikati ya skrini. Picha zikamwangukia mwilini. Mwanamke mwenye kikapu alikuwa akitembea juu ya kifua chake.

"Musyoka," akaniita. "Uliza."

Nikasema, "Simama! Nani wewe?" Nikanyamaza. Bunduki ilikuwa bado begani.

Naye akajibu. Alitaja jina lake, jina la mama yake, kijiji alichozaliwa, mke wake, mtoto wake aliyekuwa akisumbuliwa na pumu. Alisema kwa muda mrefu hata silaha ikaanza kunilemea. Alipomaliza akaniuliza, "Hapo mwanzo, kabla sijafungua mdomo, ningekuwa nimekufa mara ngapi?"

Nikaishusha bunduki.

"Mashine ni nzuri," akasema. "Inafunza jicho na mkono. Lakini hawa wa ukutani hawana mama, ndiyo maana hawajibu. Wewe umezoea kuuliza mtu asiyejibu. Siku moja utamuuliza anayejibu, na hutamsikia. Ukiuliza nani wewe, ngoja jibu. Lote."

Tulimcheka, mwanangu. Jioni ile jikoni tulimwigiza, tukisimama mbele ya sufuria na kutaja mama zetu na kuku wa nyumbani. Tulikuwa wajinga wenye afya nzuri.

Disemba ikafika nikapewa likizo, nikarudi kwetu mtaani Kawangware 46, kwa nyanya yako. Mama yako, dada yangu Mwende, alikuwa ameolewa na Odhiambo, fundi wa vitanda, nao walikaa mtaa wa Sarang'ombe. Mama yako alikuwa fundi wa nguo pale Soko la Toi. Watu walinunua mitumba, wakamletea apunguze kiuno au mabega, na alikuwa na jicho la kukupima kwa mbali ukija. Baba yako alikuwa mtu wa ziwani, mrefu, mtani sana. Aliniita Jenerali mbele za watu, na mimi nilimwita Kitanda. Tulipendana.

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na kabla ya giza moshi ulikuwa umeinuka pande zote. Nikuambie ukweli, sikuelewa nilichokuwa nikikiona. Watu waliokopeshana chumvi walikuwa wakichomeana nyumba. Mtaa wetu ulifukuza watu wa kabila la baba yako, na mitaa mingine ikafukuza wa makabila mengine. Mama yako na baba yako wakajikuta hawana pa kwenda pamoja. Kila upande ulimpokea mmoja na kumwinda mwenzake.

Maduka yalikuwa yamefungwa, hata kadi za kuongeza salio hazikupatikana. Siku ile baba yako alipiga simu na salio lililobaki. "Shemeji, Mwende ameshikwa na uchungu. Namleta hospitali kwa mkokoteni, tunapitia Toi. Kuja utupate hapo, tafadhali." Simu ikakatika. Hakuniita Jenerali, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nilitoka mbio mchana kweupe. Ngong Road ilikuwa tupu, mawe na magurudumu yaliyoungua yametapakaa. Nilipofika Toi nikasimama. Soko halikuwepo. Vibanda vyote vilikuwa majivu, marundo ya mitumba yanafuka, na katikati ya majivu nikaona kichwa cha cherehani, cheusi, bila meza. Sijui kama kilikuwa cha mama yako. Katika Sinema kulikuwa na moshi pia, lakini haukuwa na harufu. Huu ulinuka nguo za watu.

Kando ya soko vijana walikuwa wameweka kizuizi cha mbao na mawe. Walikuwa na panga na rungu. Mbele yangu alikuwepo mwanamume mmoja amebeba gunia la sukuma wiki. Kijana aliyeongoza alivaa koti jeusi la suti, joto lote lile. Akanyoosha panga na kupaza sauti:

"Simama! Nani wewe?"

Mwanangu, nilidhani nimeota. Yalikuwa maneno yale yale, kwa ukali ule ule. Maneno tuliyofundishwa ili mtu asife bure, hapa yalikuwa yakitumika kumchagua wa kufa. Mwenye gunia alianza kutaja jina lake. Alifika nusu. Hawakungoja nusu ya pili, wakamwangukia. Nilimwona akitambaa kuelekea kwenye mtaro, na mpaka leo sijui kama alipona.

Nami nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nawapanga kwa macho. Huyu wa kwanza, yule wa pili, yule mfupi wa mwisho. Kidole changu kilikuwa kikitafuta kifyatulio ambacho hakikuwepo. Nilishtuka nilipogundua kwamba siwaoni nyuso.

Ndipo upande wa pili ukatokea mkokoteni. Baba yako alikuwa akiuvuta, shati limelowa, na mama yako amelala juu ya godoro akiuma kanga. Vijana wakageuka wote pamoja. "Simama! Nani wewe?"

Baba yako akasimama. Alijua kila herufi ya jina lake ingemmaliza.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa katikati, mgongo wangu kwa mkokoteni na mikono yangu juu, na niliyemwona kichwani ni Sajini Barasa na yule mwanamke wa kikapu kifuani mwake.

"Niulizeni mimi," nikasema. "Lakini mngoje jibu."

"Wewe ni nani, boss?" akauliza mwenye koti, akinicheka.

Nikamjibu. Nilisema mimi ni Musyoka, wa Kawangware 46, mama yangu ni yule anayeuza ndengu na chapati karibu na kituo, huyu ni dada yangu na anajifungua. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Kisha nikamuuliza, "Na wewe, unaitwa nani?"

"Mimi ni Kamanda."

"Hiyo ni jina ya gemu. Mama yako anakuitaje?"

Kabla hajajibu, mama yako akainua kichwa, jasho linamtiririka, akamtazama si usoni bali mabegani.

"Hiyo koti nilipunguza mimi," akasema. "Wewe ni Kevo. Ilikuwa ya mazishi ya babako. Ulilia ukinipea, nikakuambia usilipe."

Wenzake walimtazama. Niliona uso wake ukibadilika, ukarudi kuwa uso wa mtoto wa mtu. Panga likashuka. "Mama Fundi," akasema polepole. "Sikujua ni wewe, woi." Akamgeukia baba yako. "Na huyu?"

Baba yako angeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimdanganyie mimi. Lakini aliona mtu amemuuliza na kungoja, akaamua kujibu. "Mimi ni Odhiambo," akasema kwa sauti ya wazi. "Ni fundi wa vitanda. Huyu ni bibi yangu, na mtoto wetu anakuja."

"Piteni," akasema Kevo. "Piteni haraka!"

Wakasogeza mbao. Baba yako akainama kushika mikono ya mkokoteni. Na kijana mmoja mwenye rungu alikuwa akija mbio kutoka upande wa majivu, mbali kidogo. Yeye alisikia neno moja tu lililopazwa, lile jina. Hakusikia fundi, hakusikia bibi, hakusikia mtoto. Alipotufikia Kevo akapiga kelele, "Wacha! Huyo wacha!" Rungu lilikuwa limeshateremka.

Baba yako alipiga magoti, mikono ikiwa bado kwenye mkokoteni, kisha akalala ubavu.

Hapa ndipo ninapokosa maneno, mwanangu. Nilimtazama nikangoja ainuke. Mimi askari niliyefunzwa, niliyepigiwa makofi, nilisimama nikingoja picha ififie na skrini iwake tena, na Kitanda aje akitembea pale pale akiniita Jenerali. Nilingoja. Macho yake yalikuwa wazi na vumbi likayaingia, hakupepesa. Mama yako alikuwa akiita jina lake na mimi bado nangoja.

Kevo ndiye aliyenizindua. Alitupa panga, akashika mkokoteni mbele, akanipigia kelele nisukume. Tulisukuma. Alikuwa akilia kwa sauti kama alivyolia alipoleta lile koti, na mimi sikulia kwa sababu mwili wangu ulikuwa haujakubali. Hospitali hatukuifikia. Ulizaliwa njiani, kando ya Ngong Road, kwenye godoro alilolitandika baba yako, na Kevo akavua koti akakufunika. Ndiyo maana unaitwa Kyalo, yaani safari kwa lugha yetu. Koti liko kwenye sanduku la mama yako. Umeliona mara nyingi ukadhani ni la babu.

Nilirudi baadaye na wenzangu wawili kumchukua baba yako, akasafirishwa kwao. Kevo sikumwona tena. Sajini Barasa nilimwona. Nilimsimulia yote, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, chai yake ikapoa. Hakuniambia "nilikuambia." Alinishika bega tu.

Sasa nisikilize, kwa sababu kesho kutwa unaondoka. Siipingi miwani yako. Jifunze mashine zote watakazokupa, uzijue vizuri kuliko wenzako, kwa maana askari asiyejua zana zake huua marafiki. Zitakufunza kulenga na kuona gizani, nazo zitakuwezesha kukosea bila kumwaga damu, na hilo ni jambo jema. Ila kila ukivua miwani ile, gusa kitu. Shika ukuta, shika mkono wa mwenzako, mpigie mama yako simu. Uukumbushe mwili wako kwamba huku nje anayeanguka harudi. Na siku alama zitakapopanda kwa sababu umeacha kungoja, kubali alama zishuke. Wakikucheka, wacheke, sisi tulicheka pia. Usimhukumu mtu kwa jina ulilolisikia kwa mbali ukiwa mbioni. Wewe ni Kyalo Odhiambo, mtoto wa pande mbili, na hakuna kizuizi siku ile ambacho kingejua kikufanyie nini. Ukikutana na kijana mwenye panga, mtafute Kevo ndani yake kabla hujamwita Kamanda.

Njoo karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyekupokea barabarani akulinde kila barabara. Akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima, na mikono isiyo na deni la damu. Na siku utakapopaza sauti uulize "Nani wewe?", akupe subira ya kusikia jina lote, hata liwe refu kama lako.