Kamba ya Fungu la Tatu

Kumbukumbu zilizosalimika na mchwa kuliko zote nilizopokea kazini zilikuja ndani ya mzinga wa gome, zikinukia nta. Wenyewe walikuwa kikundi cha kijiji kimoja cha Nzega kilicholinda ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wayakute kiangazi.

Lakini nianze siku ya kwanza. Niliripoti ofisi ya kumbukumbu Tabora, suruali imepigwa pasi. Nikapewa rundo la karatasi za chama cha wafuga nyuki, nikaanza kuzipanga kwa miaka. Mkuu wa Kumbukumbu akanishika mkono.

"Wewe, hizo si karanga, usichambue! Karatasi hubaki zilivyopangwa na mwenyewe. Mpangilio nao unasema."

Kanuni hiyo nilihamia nayo Kigoma, nikarudi nayo Tabora. Mwaka wangu wa mwisho ukaja mzinga. Serikali ya kijiji ilitaka kugawa mashamba. Ngitili ingebaki pale tu ambapo kikundi kingeonyesha mipaka. Ndani mlikuwa na mafungu matatu ya mihtasari ya vikao, yote hayataji mpaka. Kila fungu lilifungwa kwa kamba ya gome.

"Mzee, tukate kamba, tupange kwa miaka, tumalize," akasema mkuu mpya.

"Kwanza tuwaite wenyewe, bosi."

Akaja Mama Kabula, binti wa mwanzilishi mmoja wa kikundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeniita kusoma? Macho yangu yamebaki ya kutafutia mbuzi!"

Akazinusa kamba, akacheka. "Wazee hawa! Hii gome la mti wa myombo: ngitili ya mlimani, miyombo ndiyo mpaka wake. Hii gome la mti wa mtundu: ya bondeni." Ya tatu akaitafuna kidogo, akaitema. "Hii siijui, mwanangu."

Sehemu mbili zikapona. Ya tatu, wengine wanasema ilikuwa kwenye chemchemi, wengine kando ya njia ya zamani ya misafara. Ofisa misitu nilimpelekea kipande cha kamba. "Gome kavu bila jani? Siapi ni mti gani."

Sasa nimestaafu, nipo Cheyo, hapa hapa Tabora. Nimekwenda kukwangua miti ya pande zote mbili, hakuna gome lililofanana. Wajukuu wananiita mganga. Sijutii. Nilidhani kazi yangu ilikuwa kutunza majibu, kumbe mengi niliyotunza ni maswali.

Mwezi uliopita Mama Kabula alipiga simu: miti ya upande wa chemchemi imeanza kuwekewa alama za kukatwa. Kamba ile bado haijapata jina.