Dhahabu Machoni mwa Dada

Juzi, nikimsindikiza dada Bhoke kliniki, nilimwona binti mmoja mwenye macho ya manjano, na ghafla pua yangu ikajaa harufu ya chumvi ya moto.

Nilirudi utotoni, alasiri moja kwetu Matongo. Dada, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alilala juu ya ngozi ya ng'ombe, maumivu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu, yamemkamata miguu. Mama alimkanda kwa chumvi aliyoipasha na kuifunga kwenye kanga. Mbali, mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilinguruma kama mtu anayekoroma usingizini. Niliyatazama macho ya dada, ya manjano, nikaelewa kila kitu: dhahabu ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiitafuta ilikuwa imejificha mle, na ndiyo iliyokuwa ikimuumiza.

"Dada, una dhahabu machoni," nilimnong'oneza.

Alicheka huku ameuma meno. "Usimwambie mtu, Robi. Watakuja kunichimba."

Nilichukua fimbo ya baba ya kuchungia, nikaketi mlangoni mpaka ng'ombe wakarudi.

Siku hizi najua ile njano ilitoka kwenye chembe za damu yake zilizokuwa zikivunjika. Hata hivyo, juzi dada alipoingia kwa daktari, nilivuta kiti, nikakaa mlangoni.